Feruzi yapendeza ukutani, lakini yataka hesabu: Mwongozo wa rangi kwa nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe

RANGI iliyo kati ya samawati na kijani, ile inayofanana na maji ya bahari pale kina kinapoanza, imekuwa ikipendwa na wenye nyumba wengi katika miaka ya karibuni. Huonekana katika sebule, vyumba vya kulala, milango na hata mapazia. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, mteja hufika akiwa na picha kwenye simu yake na kumwomba muuzaji amchanganyie rangi iyo hiyo.

Tatizo hutokea baada ya rangi kukauka. Chumba kilichotarajiwa kutulia kama bahari hugeuka kuwa na giza kama kisima. Ukuta uliokuwa na kijani asubuhi huonekana wa buluu usiku. Na kabla ya mvua mbili kupita, chumvi hutokeza chini ya dirisha na rangi iliyogharimu fedha nyingi huanza kubanduka.

Si bahati mbaya, wala si uchawi wa fundi. Rangi hii ina tabia zake, na nyumba za bara ya Mombasa, kuanzia Likoni na Mtongwe hadi Kisauni, Changamwe na Miritini, zina hali zake. Anayezielewa pande zote mbili huweza kuipaka akaridhika nayo kwa miaka.

JINA NA ASILI YAKE

Katika orodha za kampuni za rangi, rangi hii huitwa teal, jina la Kiingereza lililotokana na bata mdogo wa Ulaya na Asia ambaye dume lake lina mstari wa kijani kuanzia jichoni. Waswahili wana neno lililo karibu nayo zaidi: feruzi, jina la kito kinachochimbwa Uajemi tangu kale. Neno lenyewe lilifika Pwani kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu. Kito cha feruzi ni chepesi kwa rangi. Rangi inayozungumziwa hapa ni feruzi iliyokoza, yaani feruzi iliyotiwa kivuli.

Si rangi ngeni katika mwambao huu. Wachimbuaji wa mabaki ya kale katika miji ya Manda na Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, walipata vigae vya mitungi iliyopakwa mng'aro wa samawati ya kijani, iliyoletwa kwa majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hivyo, macho ya watu wa Pwani yaliizoea rangi hii kabla ya kuwapo kwa makopo ya rangi.

Rangi ya leo ya dukani hupatikana kwa kuchanganya vipako viwili vya maabara vya jamii moja, cha buluu na cha kijani, vinavyoitwa thalosianini. Buluu yake iligunduliwa kwa bahati katika kiwanda kimoja cha Scotland mwaka wa 1928 na ikaanza kuuzwa mwaka wa 1935. Vipako hivyo vina nguvu sana: kiasi kidogo hutosha kugeuza kopo zima. Vilevile huvumilia jua na saruji kuliko buluu nyingi za zamani. Hiyo ndiyo sababu feruzi ya kisasa haipauki upesi ikiwa ndani ya nyumba, na pia ndiyo sababu tone moja la ziada katika kuchanganya hubadilisha rangi yote.

MWANGA NDIO MWAMUZI

Jambo la kwanza la kuchunguza si rangi bali dirisha. Feruzi ina sehemu mbili, buluu na kijani, na mwanga unaoingia chumbani ndio unaoamua ni sehemu ipi itakayotawala.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini katika miezi inayosalia. Mwongozo wa vitabu vya Ulaya unaosema kwamba chumba cha kaskazini ni cha baridi na cha kusini ni cha joto haufai hapa. Chumba chenye dirisha la kaskazini mjini Likoni hupata mwanga mzuri zaidi ya nusu ya mwaka.

Tofauti kubwa kwa mkazi wa Mombasa ni kati ya mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki huleta mwanga wa manjano asubuhi, na feruzi huvuta upande wa kijani; baada ya adhuhuri mwanga hupoa na ukuta huanza kuonekana wa buluu. Dirisha la magharibi huleta jua kali la alasiri lenye wekundu, ambalo hupunguza buluu na kuifanya rangi ionekane kama imeingiwa na kijivu. Katika chumba kama hicho, feruzi inayoelekea kijani hustahimili kuliko inayoelekea buluu.

Taa nazo zina kauli. Balbu yenye mwanga wa manjano, ambayo kwenye pakiti huandikwa 2700K au 3000K, huvuta kijani. Balbu nyeupe ya 6500K, iliyozoeleka katika nyumba nyingi, huvuta buluu na kuufanya ukuta uonekane baridi. Familia inayotumia sebule zaidi usiku inafaa kuchagua rangi kwa mwanga wa taa yake, wala si kwa mwanga wa mlangoni mwa duka.

Picha ya simu haitoshi kuwa kielelezo. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, ilhali ukuta hurudisha tu mwanga unaoupata. Ndiyo maana rangi inayong'aa kwenye picha huweza kuonekana nzito na ya kiza ukutani.

FERUZI TATU

Kwa mahitaji ya nyumbani, rangi hii inaweza kugawanywa mara tatu. Ipo feruzi nyepesi, iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Feruzi ya wastani. Na feruzi iliyokoza, ambayo ndiyo huonekana sana katika magazeti ya mapambo.

Watengenezaji hupima uwezo wa rangi kurudisha mwanga kwa kipimo cha 0 hadi 100. Nyeupe ya kawaida hurudisha zaidi ya 80. Feruzi iliyokoza aghalabu hurudisha chini ya 15. Maana yake ni kwamba chumba kilichotosheka kwa balbu moja kikiwa cheupe huhitaji mwanga zaidi kikipakwa feruzi iliyokoza kuta zote nne, na gharama hiyo huonekana katika matumizi ya umeme. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kipimo hicho. Mara nyingi huwa kimeandikwa katika kitabu cha sampuli.

Kanuni rahisi ni hii: kadiri dirisha linavyokuwa dogo, ndivyo feruzi inavyofaa kuwa nyepesi au kupakwa eneo dogo.

CHUMBA KWA CHUMBA

Sebule: Hapa feruzi iliyokoza hupendeza ikipakwa ukuta mmoja, hasa ule unaotazamana na dirisha au ulio nyuma ya makochi. Kuta tatu nyingine hubaki nyeupe iliyovunjwa kidogo kwa manjano, inayoitwa rangi ya maziwa. Ukuta wenye dirisha usipakwe rangi nzito, kwa kuwa mwanga unaotoka nje hulifanya jicho liuone mweusi.

Chumba cha kulala: Feruzi ya wastani hufaa ukuta wa kichwani mwa kitanda. Mtu akilala haioni, na akiingia chumbani hupokewa nayo. Katika joto la Februari na Machi, rangi za upande wa buluu humfanya mtu ahisi ubaridi, ingawa haziteremshi joto la chumba hata kidogo. Kinachoteremsha joto ni upepo, kivuli na dari.

Chumba cha watoto: Feruzi nyepesi hutosha. Nusu ya chini ya ukuta, hadi mita moja hivi kutoka sakafuni, huweza kupakwa rangi iliyokoza zaidi na inayooshwa, kwa vile ndiko mikono na kalamu hufika. Mpaka wa rangi hizo mbili unyooshwe kwa uzi na utepe wa kubandika.

Jikoni: Moshi wa mafuta ya kukaangia na mvuke hubadilisha rangi yoyote. Hapa inatakiwa rangi yenye mng'aro wa hariri au ya mafuta, inayoweza kupanguswa kwa kitambaa chenye sabuni. Wengi huona afadhali feruzi iwekwe katika milango ya makabati na ukuta ubaki mweupe, ili uchafu uonekane na kuondolewa mapema.

Bafu na choo: Chumba kidogo kisicho na dirisha kubwa ndipo watu huogopa rangi iliyokoza, lakini ndipo inapokubalika zaidi, kwa kuwa hakuna anayekaa humo akisoma. Sharti ni tundu la kupitishia hewa na rangi iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu.

Ujia wa nyumba ya Kiswahili: Nyumba nyingi za zamani za Likoni na Kisauni zina ujia katikati na vyumba pande zote mbili, mwisho wake ukiwa ni uani. Ujia huo hupata mwanga kutoka milango miwili tu. Kuta zake zibaki nyeupe. Feruzi ipakwe milango ya vyumba. Kwa njia hiyo, kila mlango huonekana na ujia haumezwi na kiza.

Chumba kimoja cha kupanga: Kwa anayelala, kupika na kupokea wageni katika chumba cha futi 10 kwa 12, ukuta mmoja wa feruzi ya wastani huweza kutenga sehemu ya kulala na sehemu ya kukaa bila pazia. Chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani kisipewe feruzi iliyokoza kabisa.

Nje ya nyumba: Rangi iliyokoza hunyonya joto la jua. Ukuta wa magharibi uliopakwa feruzi nzito huhifadhi joto la alasiri na kulirudisha ndani usiku, wakati watu wamelala. Nje ni afadhali ukuta uwe mweupe na feruzi iwe katika milango, madirisha na nguzo za baraza.

Mpangilio huo wa nyeupe na buluu si mgeni. Mwaka wa 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya jiji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe, na fremu zake buluu ya Kimisri, hatua iliyozua mjadala kuhusu gharama na kuhusu nani mwenye kauli juu ya ukuta wa mtu. Agizo lilihusu kisiwani. Hata hivyo, mkazi wa bara aliyeona matokeo yake amepata mfano wa jinsi weupe unavyobeba rangi ya bahari bila kuzidiwa nayo.

RANGI ZA KUANDAMANA NAYO

Feruzi ni rangi baridi, na hutaka kitu chenye joto karibu nayo. Mbao za mvule na samani za rangi ya kahawia huiva zikiwekwa mbele yake. Mikeka ya ukindu, vikapu na kamba huipunguzia ukali. Manjano ya bizari, rangi ya udongo wa chungu na shaba ya mabuli huonekana vyema kwa kiasi kidogo, kama vile katika foronya za mito au fremu za picha.

Nyekundu kali ipunguzwe, kwani rangi hizo mbili hushindana na kulichosha jicho. Vigae vya sakafu navyo vihesabiwe: sakafu ya saruji nyekundu, iliyo katika nyumba nyingi za zamani, hukubaliana na feruzi ya kijani kuliko ya buluu. Mwenye leso aipendayo yenye samawati ya kijani anaweza kuipeleka dukani iwe kielelezo, mradi aiangalie nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana.

Dari ibaki nyeupe. Katika nyumba yenye dari ya chini, kupaka feruzi juu hukifanya chumba kionekane kama sanduku.

UKUTA KABLA YA RANGI

Nyumba nyingi za Pwani zimejengwa kwa matofali ya matumbawe yanayochongwa katika machimbo ya mwambao. Jiwe hilo lina vitundu vingi. Hunyonya maji ya mvua kutoka nje na unyevunyevu kutoka chini, na maji hayo hubeba chumvi. Maji yakikauka juu ya ukuta, chumvi hubaki kama unga mweupe na kuisukuma rangi kutoka ndani.

Katika ukuta mweupe, unga huo hauonekani kwa urahisi. Katika feruzi iliyokoza huonekana kama ukungu kuanzia siku ya kwanza. Ndiyo sababu rangi hii hulaumiwa kwa kosa la ukuta.

Wakazi wa karibu na bahari, kama vile Shelly Beach kule Likoni au mitaa ya Kisauni inayoelekea Bamburi, wana chumvi ya upepo vilevile. Changamwe, Chaani na Port Reitz zina adha nyingine: vumbi na moshi wa malori yanayoingia na kutoka bandarini, ambao hutanda kwenye kuta za nje na kuingia madirishani. Huko, rangi isiyong'aa hata kidogo hushika vumbi na haioshwi vizuri. Inayofaa ni yenye mng'aro wa kadiri. Mng'aro mkubwa nao haufai, kwa sababu hufichua kila shimo na kila alama ya mwiko katika lipu.

Hatua za kuandaa ukuta ni hizi:

1. Tafuta chanzo cha maji kwanza: bomba linalovuja, paa, mfereji au ardhi iliyo juu kuliko sakafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Chumvi iliyotokeza ipanguswe kwa brashi kavu. Isioshwe kwa maji, kwa kuwa maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ya jiwe.

3. Lipu mpya iachwe ikauke kwa wiki 4 angalau, na zaidi katika majira ya mvua. Saruji mbichi huharibu rangi, hasa ya mafuta.

4. Ukuta ambao bado una unyevu usifunikwe kwa rangi ya mafuta. Maji yanayotafuta njia ya kutoka yataufanya uvimbe malengelenge. Chokaa, au rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, ni afadhali.

5. Kuvu nyeusi iuliwe kwa dawa, ioshwe na kukaushwa kabla ya kupaka. Kuipaka juu ni kuificha kwa mwezi mmoja tu.

6. Paka rangi ya kwanza ya kuziba vitundu. Kwa feruzi iliyokoza, fundi stadi huitia kijivu kidogo, ili rangi ya juu ifunike mapema.

SUMU KATIKA RANGI YA ZAMANI

Kuna jambo moja ambalo halihusu urembo. Kabla ya vipako vya kisasa kuenea, rangi nyingi za kijani zilitengenezwa kwa kuchanganya buluu na manjano yenye madini ya risasi. Rangi za mafuta za milango, madirisha na vyuma katika nyumba za zamani zinaweza kuwa na madini hayo hadi leo, hata kama zimefunikwa na tabaka nyingine kadhaa.

Hatari huja wakati wa kukwangua. Fundi akipitisha msasa mkavu juu ya mlango wa zamani, vumbi hutua sakafuni, na mtoto anayetambaa hulipeleka kinywani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake huenda yasiondoke.

Wakazi wa bara ya Mombasa hawahitaji kuelezwa zaidi uzito wa neno hilo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, eneo lililokuwa sehemu ya Changamwe kabla ya kuundwa kwa eneobunge la Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa madini ya risasi, watoto wakiwamo. Kampeni dhidi yake ilimpatia mwanaharakati Phyllis Omido Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi huo ulibatilishwa katika rufaa mwaka wa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024. Sumu hiyo ilitoka kiwandani, si kwenye kopo la rangi, lakini madini ni yale yale na mwili wa mtoto ni ule ule.

Kwa hivyo, rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe maji kwanza, watoto na wajawazito waondolewe, sakafu itandikwe karatasi ya plastiki, na mabaki yakusanywe na kutupwa mbali na uani na mifereji. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Mlango ambao rangi yake bado imeshika vyema unaweza kuachwa na kupakwa juu yake.

Kwa rangi mpya, viwango vya Kenya vinaruhusu risasi isiyozidi sehemu 90 kwa kila milioni. Mnunuzi achague kopo lenye nembo ya shirika la ubora wa bidhaa, Kebs, jina la mtengenezaji na tarehe, na ajihadhari na rangi ya kupimiwa kutoka ndoo isiyo na maandishi.

HESABU YA MAKOPO

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, juu ya ukuta laini. Ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.6, chenye kimo cha mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 13.2, na kuta zote zina mita 35.6 za mraba. Ukiondoa mlango mmoja na dirisha moja, husalia karibu mita 32. Mikono miwili ni mita 64, yaani lita 6.4. Kopo moja la lita 4 na matatu ya lita moja hutosha.

Ukuta mmoja mrefu una mita 9.7. Kwa mikono miwili unahitaji lita 2, na feruzi iliyokoza ikihitaji mkono wa tatu, kama inavyotokea mara kwa mara, ni lita 3. Hii ndiyo tofauti kati ya mpango unaomudika na ule unaokwama katikati. Anayepaka ukuta mmoja hununua lita 3 za rangi ya bei ya juu na kumalizia chumba kwa nyeupe ya kawaida.

Makopo yote ya feruzi yanunuliwe siku moja na kumiminwa katika ndoo moja kabla ya kuanza, kwa sababu mchanganyiko wa leo na wa wiki ijayo huweza kutofautiana. Namba ya rangi iandikwe na kuhifadhiwa; siku ya kuziba alama ukutani ndiyo itakayotafutwa.

KUIJARIBU, NA WAKATI WA KUPAKA

Kabla ya kununua kopo kubwa, nunua dogo kabisa. Paka mikono miwili juu ya kipande cha ubao mwembamba au boksi gumu lenye upana wa sentimita 60, uache ukauke. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, na hukoza ikikauka. Kisimamishe kipande hicho kwenye kila ukuta, ukiangalie asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwa imewashwa. Siku mbili za subira hugharimu kidogo kuliko ndoo nzima ya majuto. Ikumbukwe pia kwamba rangi huonekana nzito zaidi ikienea ukuta mzima. Anayesita kati ya namba mbili achukue iliyo nyepesi.

Majira mazuri ya kupaka ni wakati wa kaskazi, Januari hadi mapema Machi, na tena Agosti na Septemba baada ya masika kupita. Wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei, ukuta hubeba maji na rangi huchelewa kukauka. Hata katika jua, ukuta wa nje usipakwe ukiwa moto. Fundi afuate kivuli.

Mpangaji naye ana la ziada. Feruzi iliyokoza hurudishwa kuwa nyeupe kwa mikono mitatu au zaidi, na wenye nyumba wengi hukata gharama hiyo katika amana ya kodi. Idhini ya mwenye nyumba iombwe mapema na iwe kwa maandishi, ikitaja ukuta na rangi. Palipokosekana idhini, pazia, mkeka wa ukutani au kabati lililopakwa feruzi hutoa sehemu kubwa ya pendezo hilo, na siku ya kuhama huondoka na mwenyewe.

Katika nyumba ya kujimiliki, utaratibu ni ule ule: ukuta mkavu kwanza, mwanga pili, rangi tatu. Anayeanza na rangi hulazimika kurudi kwenye ukuta.